Taa Ikimemeta Si Hoja: Kipokezi cha GPS Nacho Kishike Adabu

Leo naandika nikiwa hapa Shika Adabu, Likoni, upande wa bara kusini mwa kisiwa cha Mombasa, na mada yangu ni kijitaa. Ndiyo, kijitaa! Kile kinachomemeta mara moja kila sekunde kwenye kipokezi cha GPS. Msimamo wangu nautoa mapema ili asiye na muda wa kusoma yote aondoke nao: kijitaa hicho peke yake hakithibitishi lolote kuhusu usahihi wa saa, na fundi anayefunga kifaa cha saa cha GPS ofisini, ghalani, shuleni au hospitalini bila kukipima hajamaliza kazi aliyolipwa.

Najua wengine mtashangaa. GPS si ya kuonyesha njia? Ni kweli, lakini ukiifungua ndani utakuta GPS ni saa kwanza, ramani baadaye. Kila setilaiti inazunguka kimo cha kilomita 20,200 hivi ikiwa na saa za atomi, na inachotangaza ni jambo moja kwa ufupi: mimi niko hapa, na saa yangu inasema hivi. Kipokezi chako kikisikia setilaiti nne au zaidi kinapiga hesabu ya mambo manne: sehemu tatu za mahali kilipo, na ya nne ni kosa la saa yake chenyewe. Likishajulikana kosa hilo, kipokezi kinaweza kutoa umeme kwenye pini moja kila sekunde inapoanza. Hilo ndilo pigo la sekunde, mafundi wanaliita PPS. Hata kipokezi cha bei nafuu kama u-blox NEO-6M, ambacho wanafunzi wengi hapa Kenya wanakitumia kwenye miradi yao, mtengenezaji wake anakitaja kuwa na usahihi wa nanosekunde 30 hivi kwenye pigo hilo. Katika nanosekunde 30 mwanga unasafiri mita 9 tu, yaani matatu mbili zilizosimama foleni ya kivuko.

Sasa shida iko wapi? Shida ni kwamba ahadi hiyo ina sharti: kipokezi kiwe kimezishika setilaiti na kinaendelea kuzishika. Pigo lenyewe halitoki angani, bali linatengenezwa na fuwele ya kwatzi iliyomo ndani ya kipokezi, jamaa ya ile iliyo ndani ya saa yako ya mkononi. Setilaiti kazi yao ni kuisahihisha fuwele hiyo kila wakati. Zikipotea, fuwele haizimiki. Inaendelea kupiga tu, kwa mwendo wake, na hakuna wa kuikanya. Wazee walisema debe tupu haliachi kuvuma, na mimi naongeza kwamba kipokezi kisicho na setilaiti huenda kisiache kumemeta.

Nasema huenda, kwa sababu watengenezaji hawafanani. Kuna vipokezi ambavyo vikitoka kiwandani hukaa kimya hadi vipate mahali, ndipo taa ianze. Kuna vingine huanza kupiga mara tu vinapopata umeme. Na vingi unaweza kuvipanga vifanye hivi au vile. Kwa hiyo taa ileile, mmemeto uleule, inaweza kumaanisha "nimesahihishwa" kwenye kifaa kimoja na "nina umeme" kwenye kifaa cha pili. Anayeiangalia kwa macho hawezi kutofautisha.

Tupige hesabu kidogo, haiumi. Fuwele ya kawaida inaweza kukosea sehemu 20 kwa milioni. Siku moja ina sekunde 86,400. Zidisha, utapata sekunde 1.7 kwa siku. Fuwele iliyotengenezwa kwa uangalifu zaidi, inayojirekebisha kulingana na joto, inaweza kukosea nusu ya sehemu moja kwa milioni, yaani milisekunde 43 kwa siku. Zote mbili zinaonekana ni kitu kidogo. Lakini kosa hili linajumlishwa, leo juu ya jana, na hakuna kengele inayolia.

Niwape mfano nilioushuhudia mwenyewe, na mwenye ghala simtaji. Ni ghala moja kando ya barabara ya kwenda Lunga Lunga. Niliitwa kutengeneza programu ya mishahara, wala si mambo ya saa. Wafanyakazi wao, wengi wanatoka Mtongwe, Bofu na Timbwani, wanaingia zamu saa kumi na mbili asubuhi, wanaweka kidole kwenye mashine, na mashine inachukua saa kutoka kisanduku kimoja chenye antena ya GPS juu ya paa la mabati. Anayechelewa anakatwa pesa. Nilipoangalia rekodi za miezi mitatu nikaona kitu cha ajabu: wachelewaji walikuwa wanaongezeka kila wiki, polepole, kama maji yanayojaa. Mwezi wa kwanza karibu hakuna. Mwezi wa pili wamejitokeza waliozoea kufika dakika moja kabla ya zamu. Mwezi wa tatu hadi wale wa dakika mbili kabla. Tabia za watu haziharibiki kwa mstari ulionyooka namna hiyo!

Wafanyakazi walikuwa wamelalamika. Mmoja aliniambia alimwonyesha msimamizi simu yake: "Bosi, simu inasema bado dakika." Akajibiwa, "Simu ni simu. Hii inaongea na setilaiti." Na kweli taa ilikuwa inamemeta, kila mtu anaiona. Nikaenda kwenye kisanduku, nikafungua waya wa antena. Taa ikaendelea kumemeta kama kawaida. Nikasoma maandishi yanayotoka kwenye kipokezi: kilikuwa chenyewe kinasema kwamba hakina mahali, hakina setilaiti hata moja. Tukapanda juu ya paa, tukakuta kiungio cha antena kimeliwa na kutu ya kijani, ile tunayoletewa na upepo wa chumvi hapa Pwani. Nikalinganisha saa ya kisanduku na seva nne za intaneti. Kilikuwa mbele kwa dakika 2 na sekunde 31. Gawanya kwa sekunde 1.7, utapata siku 89. Ndiyo miezi yetu mitatu hiyo.

Mwenye ghala alipoona jedwali alikubali kurudisha pesa zilizokatwa. Ila mmoja wa wafanyakazi alikuwa ameshaacha kazi kwa hasira za kuitwa mchelewaji. Huyo hakuna programu ya kumrudishia heshima yake. Jambo la kuniudhi zaidi ni kwamba kipokezi hakikusema uongo. Kilikuwa kinatoa ilani kila sekunde kwa miezi mitatu, kwa maandishi, ila programu ya kisanduku haikuwa inasoma ilani hiyo. Ilikuwa inahesabu mapigo tu, na kuendelea kuzitangazia mashine zingine kwamba yenyewe ni saa ya daraja la kwanza.

Basi tukubaliane: pigo linapimwa. Linapimwaje? Nitaeleza kwa njia ambayo hata asiye fundi anaweza kumsimamia fundi.

Kwanza, muulize kipokezi chenyewe. Pamoja na pigo, kipokezi hutoa mistari ya maandishi. Mstari unaoanza na $GPRMC (au $GNRMC kwa vile vinavyosikia setilaiti za nchi zaidi ya moja) una herufi moja ya kuangalia: A maana yake ni sawa, V maana yake usiniamini. Mstari wa GGA unakupa idadi ya setilaiti na namba ya ubora. Namba hiyo ikiwa 0, hakuna kitu. Vipokezi vya u-blox vina ujumbe mwingine unaoeleza kwa undani kama wiki inajulikana, kama saa ndani ya wiki inajulikana, na kama saa ya dunia, UTC, inajulikana. Programu yoyote inayotumia pigo bila kusoma hayo ni ya kutupwa. Na kama kifaa kinakubali kupangwa, kipange kinyamaze kinapopoteza setilaiti.

Pili, ng'oa antena. Hili ni jaribio langu ninalolipenda kuliko yote, halihitaji chombo chochote. Ukiing'oa, jambo fulani lazima libadilike: taa izime, au ilani itokee, au seva ianze kutangaza kwamba saa yake haiaminiki tena. Vifaa vya gharama vina fuwele bora na vinaruhusiwa kuendelea peke yao kwa saa kadhaa, sawa, lakini hata hivyo lazima viseme kwamba sasa vinaendelea peke yao. Kama umeng'oa antena na hakuna kilichobadilika hadi kesho yake, umenunua saa ya ukutani kwa bei ya setilaiti.

Tatu, uliza ni sekunde ipi. Pigo linasema "sekunde imeanza", halisemi ni sekunde gani. Jina la sekunde linakuja kwa maandishi, na maandishi yanachelewa. Kwa mwendo wa kawaida wa 9600, herufi moja inachukua milisekunde moja hivi, na kipokezi kikitoa herufi 500 kila sekunde, hiyo ni nusu sekunde nzima. Maandishi yakichelewa zaidi, programu inaweza kulipa pigo la sasa jina la sekunde iliyopita. Pigo litakuwa sahihi kwa nanosekunde, na saa itakuwa imekosea sekunde nzima!

Na kuna lile la sekunde 18. Saa ya GPS ilianza kuhesabu tarehe 6 Januari 1980, na haipokei sekunde za nyongeza zinazowekwa kwenye UTC. Tangu 1 Januari 2017 GPS iko mbele ya UTC kwa sekunde 18. Tofauti hiyo inatangazwa na setilaiti, lakini tangazo zima linachukua dakika 12 na nusu kumalizika. Kipokezi kilichowashwa sasa hivi kinaweza kuwa na pigo zuri kabisa na bado kinatumia tofauti ya zamani iliyoandikwa kiwandani. Ukiona saa yako imekosea kwa sekunde chache kamili, mbili au tatu, na baada ya robo saa ikajirekebisha yenyewe, hiyo ndiyo sababu. Wiki nazo zina mambo yake: namba ya wiki ya GPS ya asili inaishia 1,023 kisha inarudi sufuri, jambo lililotokea Agosti 1999 na Aprili 2019, na litatokea tena Novemba 2038. Kipokezi cha zamani kinaweza kukurudisha miaka karibu 20 nyuma huku taa ikimemeta kwa furaha.

Nne, tafuta mashahidi. Ukiwa na saa mbili zinazopingana hujui mwongo ni yupi, ukiwa na tatu angalau kuna kura. Kwenye Linux, programu ya chrony inafanya hivyo vizuri. Mpe pigo lako, mpe maandishi ya kipokezi, halafu mwongezee seva tatu au nne za intaneti. Andika chronyc sources uone. Chanzo chenye nyota ndicho kilichochaguliwa. Chenye alama ya x ni kile ambacho wenzake wanapinga anachosema. Kabla ya hapo unaweza kutumia ppstest kuona kama mapigo yanafika kwenye kompyuta, lakini kumbuka inakuonyesha kwamba yanafika tu, haikuonyeshi kwamba ni ya kweli. Intaneti haitakusaidia kupima mikrosekunde, kwa sababu njia ya kwenda na ya kurudi hazilingani. Ila itakukamatia sekunde iliyopotea bila shida. Ukitaka mikrosekunde, chukua vipokezi viwili vyenye antena mbili, weka mapigo yao kwenye osiloskopu, na ikiwezekana kimoja kisikilize GPS tu na cha pili kisikilize Galileo ya Ulaya tu. Ndugu wawili wa baba mmoja si mashahidi wawili.

Tano, usipime mchana tu. Mombasa iko nyuzi 4 hivi kusini mwa ikweta, na ukanda wetu una desturi yake: baada ya jua kuzama, tabaka la juu la anga liitwalo ionosfia huchafuka, na mawimbi ya setilaiti yanayumba hadi baadhi kupotea. Hali huwa mbaya zaidi miezi ya karibu na Machi na Septemba, na miaka ambayo jua lina shughuli nyingi. NASA na NOAA walitangaza Oktoba 2024 kwamba jua limeingia kipindi cha kilele. Fundi anayepima saa nne asubuhi, akasaini, akaenda zake, hajaona saa mbili usiku kikoje. Acha kifaa kirekodi wiki nzima.

Sasa nisikie wapinzani, maana najua mpo. Wa kwanza atasema: nani Likoni anahitaji nanosekunde? Nakubali, hakuna. Lile ghala lilihitaji usahihi wa sekunde chache tu. Lakini ndiyo hoja yangu haswa! Walinunua nanosekunde, wakapata dakika mbili na nusu, kwa sababu walinunua namba iliyoandikwa kwenye karatasi badala ya ushahidi. Wa pili atasema: tupa GPS, tumia intaneti. Huyu ana haki kubwa kuliko mafundi wanavyopenda kukiri. Kwa ofisi nyingi seva nne za intaneti zinatosha, tena ni bora kuliko kisanduku kimoja cha GPS kisichopimwa. Ila Mei 2024 nyaya za EASSy na SEACOM zilikatika chini ya bahari na intaneti ikazorota Kenya na majirani, kwa hiyo kuwa na chanzo cha nyumbani ni akili. Kiwepo, ila kisikae peke yake.

Wa tatu atasema setilaiti hazikosei. Zinakosea. Tarehe 26 Januari 2016, wakati setilaiti moja ya zamani ilipostaafishwa, setilaiti kadhaa za GPS zilitangaza data yenye kosa la mikrosekunde 13.7 kuhusu UTC, na mitambo ya mawasiliano sehemu mbalimbali za dunia ikalalamika. Siku hizo vipokezi vilikuwa vimeshika setilaiti vizuri, herufi ni A, taa inamemeta. Na kuna uharibifu wa makusudi. Mei 2025 meli ya makontena MSC Antonia ilikwama karibu na Jeddah kwenye Bahari ya Shamu, na wachambuzi wa safari za meli walilihusisha tukio hilo na kuvurugwa kwa GPS. Bahari ya Shamu ni njia ya meli zinazokuja Mombasa kutoka Ulaya, msidhani ni habari za mbali.

Pwani hii si mgeni wa mambo ya setilaiti. Tarehe 12 Desemba 1970 setilaiti iliyopewa jina Uhuru ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini mbele ya Ngomeni, Malindi. Na Malindi hiyohiyo ina kituo cha mtandao wa kimataifa wa IGS kinachorekodi mawimbi ya GPS kwa ajili ya wanasayansi. Kwa hiyo tusiniambie kwamba kupima ni mambo ya Wazungu. Zamani mzee yeyote wa hapa aliweza kuikagua saa ya msikiti kwa kuangalia jua likizama. Saa ya GPS hakuna anayeweza kuikagua kwa macho, na ndiyo maana inatakiwa ikaguliwe kwa utaratibu.

Tena sheria inatudai. Sheria ya Ushahidi ya Kenya, kifungu cha 106B, inaruhusu rekodi za kompyuta mahakamani kwa masharti, mojawapo likiwa kwamba kompyuta ilikuwa inafanya kazi ipasavyo wakati ule. Anayesaini cheti hicho kuhusu rekodi ya kamera au ya mlango, anasaini pia kuhusu saa. Je, ataapa kwa taa?

Ninachopendekeza ni kidogo. Ukinunuliwa au ukifungiwa kifaa cha saa cha GPS, usitie sahihi kabla hujapata majibu matatu kwa vitendo, si kwa maneno: kikipoteza antena kinafanya nini, kinalinganishwa na saa zipi zingine, na nani anapata ujumbe siku kinapoanza kukosea. Dakika kumi na tano zinatosha kuonyeshwa yote. Fundi akikasirika, tafuta mwingine. Mtaa wetu una jina zuri, na ni haki yetu kulidai kwa mashine kama tunavyolidai kwa watoto.

Haya, ndiyo maoni yangu. Anayepinga alete hoja, na anayekubali aende aking'oe antena ya ofisini kwao (akiomba ruhusa kwanza, tafadhali!). Tuonane tena.